Mpira wa Baada ya Alasiri

Radhia alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono yake ingali na unga wa mkate, aliporuka na kuutupa mpira kwa mkono wa kushoto. Mpira ulipanda, ukaponea chupuchupu vidole vya mwanawe, ukagonga ubao, ukazungukazunguka juu ya ringi kama mgeni asiyeuona mlango, kisha ukazama. Nadhir aliketi palepale chini, uani, akicheka, miguu yake mirefu imetapakaa mbele yake.

"Mkono wa kushoto, mama! Si nilikwambia mkono wa kushoto ni haramu?"

"Kulia chakula ndiyo mbaya. Kufungia haina neno," alisema Radhia. "Inuka. Ulisimama kama mlango uliosahauliwa wazi."

Ringi ile ilikunjwa na fundi mmoja wa sokoni katika mji wa Ibra, Oman, ambaye aliuliza mara kadha wa kadha ni ya kufanyia nini na hakuridhika na jibu hata moja. Jirani yao Wadha, aliyekuwa akiiona ncha ya ubao kutoka upande wake, aliiita sufuria isiyo na kitako. Tangu Nadhir alipokuwa na umri wa miaka sita, hapakupita alasiri nyingi bila ya mama na mwana kukutana chini ya sufuria hiyo. Mwanzoni watu walisema. Mwanamke mzima, mke wa mtu, anarukaruka na mpira uani! Maneno yalipomfikia Khelef, mumewe, hakumwambia mkewe neno. Alileta matofali siku ya Alhamisi, akaita mwashi, na ukuta wa ua ukapanda hadi ukampita mtu mrefu aliyesimama juu ya punda. Basi. Mpira ukaendelea.

Khelef alikuwa mtu wa Unguja mjini, aliyeondoka kwao akiwa kijana baada ya mambo ya mwaka wa sitini na nne, akaangukia Bujumbura kwa mjomba wake mwenye duka. Huko ndiko alikomwoa Radhia, binti wa Kiomani aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika, na ndiko alikozaliwa Nadhir, mtoto wao wa pekee. Milango ya Oman ilipofunguka walihamia Ibra, na Khelef akapata kazi katika ofisi ya kilimo, akishughulikia aflaji, mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya milima. Alikuwa na Kiswahili cha kunyooka, kila neno limepigwa pasi, na alipenda kumtania mkewe kwamba Kiswahili chake yeye kilikuja kwa lori.

"Kimekuja kwa lori lakini kimefika," Radhia humjibu.

Kulikuwa na jambo moja la Bujumbura ambalo Radhia hakulizungumza sana. Alipokuwa na miaka kumi na saba alichaguliwa katika timu ya wasichana ya mji, mdogo kuliko wote, na timu ilikuwa iende Kigali kucheza. Alikwisha kushona sare. Wiki hiyohiyo posa ya Khelef ikaja, na baba yake akasema, kwa upole na kwa kicheko kabisa, kwamba bibi harusi hapandi basi kwenda kukimbia mbele ya watu. Hakupigwa, hakugombezwa, alitiwa bangili ya dhahabu mkononi. Khelef hakuwa na habari. Alipokuja kujua, miaka mingi baadaye, walikuwa wameshafika Oman, na siku ya pili alisafiri hadi Matrah akarudi na mpira wa kikapu uliofungwa kwenye karatasi za gazeti, akauweka juu ya kitanda akatoka nje.

Mwaka wa 1987, katikati ya joto la Julai, mambo mawili yaliingia nyumbani kwao katika wiki moja. La kwanza lilikuja na Khelef kutoka kazini: Nadhir amepokelewa katika chuo kikuu kipya kule Al-Khoud, kitivo cha kilimo. Khelef aliisema habari hiyo akiwa bado amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. La pili lilikuja kwa miguu yake lenyewe.

Lilikuwa Marzouq. Marzouq alikuwa mtu wa Nizwa, mama yake Mpemba, mwenye mabega ya mchezaji wa zamani na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka ukingoni mwa kiwanja. Kazi yake siku hizo ilikuwa kuwatafutia vijana klabu za nchi jirani. Alikuwa amemwona Nadhir akicheza Sur, akamwona tena Jalan, na sasa alikuwa amekaa sebuleni kwa Khelef, kikombe cha kahawa kimepotea katika kiganja chake.

"Sheikh Khelef," alisema, "kijana wako ana mikono. Na mikono haifundishwi."

"Inafundishwa," alisema Radhia, aliyekuwa akiingia na sahani ya halua.

Marzouq alimtazama, akatabasamu, akaendelea. Klabu ilikuwa Imarati, daraja la pili. Hakutaka kuwadanganya: kiwanja cha saruji, kocha mwenye makelele, vijana wanalala wawiliwawili chumbani. Lakini wakubwa wa Kuwait na Bahrain huenda pale kuchagua. Misimu miwili, pengine mitatu, na kijana akivuma huchukuliwa, na akichukuliwa hulipwa kwa kucheza, hana kazi nyingine duniani.

"Na asipovuma?" aliuliza Khelef.

"Atakuwa amecheza."

"Na chuo?"

"Chuo hakikimbii, sheikh wangu. Majengo yale yamejengwa jana tu, yatakuwepo."

"Kweli, chuo hakikimbii," alisema Khelef. "Goti ndilo linalokimbia, na siku moja linakataa."

Radhia alikuwa amekaa karibu na mlango. Moyo wake ulikuwa ukimdunda kama wa msichana, naye alijua kwamba uso wake haukuonyesha kitu. "Watamchezesha wapi?" aliuliza. "Hapa anasimama katikati kwa kuwa hakuna aliyempita kimo. Huko kuna warefu wa kweli. Watamtoa acheze pembeni, mbali na ringi, na huko mkono wake wa kushoto utamwumbua."

Marzouq alikiweka kikombe chini. "Bi Radhia, wewe umecheza wapi?"

"Uani kwangu."

Nadhir alikuwa akizungusha birika la kahawa. Alipoulizwa, alimtazama kwanza mama yake, kisha zulia. "Nipe muda kidogo, ami Marzouq." Mtazamo ule Radhia aliuchukua akaenda nao jikoni. Aliufahamu, au alidhani ameufahamu. Mtoto alikuwa akimwomba amsaidie kwa baba yake.

Kesho yake asubuhi, siku ya Ijumaa, Khelef aliketi kwenye kigoda jikoni akimenya vitunguu thomu, kazi aliyoipenda kwa sababu, alivyosema, haina mkubwa wa ofisi.

"Mimi langu nimelisema," alianza. "Nataka asome. Bado lako."

"Aamue mwenyewe. Si mtoto tena."

"Ndiyo. Lakini wewe una lako, Radhia. Miaka ishirini naijua shingo yako ikiwa na neno. Liseme, kabla hujalisema kwa mdomo wa mtoto."

Radhia alichambua dengu. Kisha alisema kwamba watu wa kusoma ni wengi, na kila mwaka watakuwa wengi zaidi, lakini mlango huu ukifungwa umefungwa. Kwamba mtu akinyimwa kitu alichokuwa nacho vidoleni, vidole havisahau. Sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. Khelef alisikiliza mpaka mwisho, akakusanya maganda, akayatia kwenye pipa.

"Nilifika vibaya, mimi na posa yangu," alisema taratibu.

"Sikusema hivyo."

"Najua hukusema. Miaka yote hukusema." Akamgusa bega akitoka.

Wiki iliyofuata Radhia alimshika Nadhir kama kocha anayetafuta kazi. Kila alasiri mkono wa kushoto, mkono wa kushoto. Alimfunga wa kulia kwa leso. Alimhadithia habari za Bujumbura ambazo hajapata kumhadithia: wasichana waliocheza pekupeku kwenye kiwanja chenye kokoto, kocha aliyewakimbiza kupanda kilima, sare ya rangi ya kunde ambayo haikuvaliwa. Nadhir alisikiliza, akaitikia ndiyo mama, akatupa mpira, akaufuata, akatupa tena. Vicheko vilipungua uani. Radhia aliliona hilo akalifurahia. Alidhani sasa mtoto ameanza kuuchukulia mchezo kama mtu mzima. Upande wa pili wa ukuta, Wadha aliuliza kwa Kiarabu chake cha haraka kama kuna mgonjwa, maana nyumba imekuwa kimya. Radhia alimjibu kwamba hakuna mgonjwa, kuna kazi.

Ijumaa ya pili palikuwa na mchezo wa kirafiki Nizwa, vijana wa Ibra kwa vijana wa huko, na Marzouq aliahidi kwenda kutazama kwa mara ya mwisho. Kwa wakati ule na mahali pale haikuwa desturi ya mama wa watu kukaa miongoni mwa watazamaji. Kwa hiyo Khelef alikileta kigari chake cha pikapu hadi kando ya uzio, akakiegesha kukielekea kiwanja, akafungua kioo, na Radhia akatazama akiwa ndani, buibui limemfunika, mikono yake imeng'ang'ania dashibodi.

Safari nyingine zote aliwasindikiza tu, akangoja kwa jamaa; hajapata kumwona mwanawe kwenye kiwanja cha kweli. Lo, alivyokuwa mzuri! Alipita katikati ya wanaume wenye ndevu kama maji yapitavyo kwenye mawe. Mara mbili alifunga kwa kushoto na Radhia akampiga Khelef pajani mpaka Khelef akaguna. Lakini Radhia hakuwa mtazamaji tu. Alikuwa mtu aliyeujua mchezo, na kuujua mchezo ni kujua mahali pa kuangalia. Kadiri kipindi cha pili kilivyosonga aliacha kuufuata mpira, akawa anamfuata Nadhir wakati hana mpira. Akaona mambo. Akaona kwamba mwanawe akinyang'anywa alitikisa kichwa kumsifu aliyemnyang'anya. Akaona kwamba yalipoitwa mapumziko mafupi, wenzake walikaa wakihema na macho makali, naye alikuwa amemshika mkono refa, anamwuliza jambo na kucheka.

Mchezo ulimalizika vibaya. Ibra walikuwa nyuma kwa goli moja, mpira ukamfikia Nadhir, chini ya ringi, peke yake, mahali ambapo angefunga amefumba macho. Alikosa. Filimbi ikalia. Radhia alisikia maumivu yakimpita kifuani hadi kwenye kiwiko, maumivu ya zamani anayoyajua; siku timu yake ikifungwa kule Bujumbura alikuwa hali chakula, hasemi na mtu. Alimtazama mwanawe. Nadhir alisimama, akajipiga paji la uso kama mtu aliyesahau chumvi dukani, akaenda kumkumbatia kijana wa Nizwa aliyekuwa akimkaba. Uso wake ulikuwa mkunjufu, mzima kabisa. Kisha akageuka, akatazama uzio, akaliona gari. Hapo ndipo uso wake ulipoanguka.

Adhana ya magharibi iliita. Khelef alishuka kwenda msikitini, na wachezaji wengi wakaelekea huko. Marzouq alikuja mpaka karibu na kioo, akasimama kwa heshima, macho yake ardhini.

"Basi, Bi Radhia, nimejaribu. Nilisema pengine leo, damu ikishachemka, atageuza nia."

"Nia gani?"

Marzouq aliinua macho. Aliona kwamba ameingia mahali asipotakiwa, lakini hakuwa mtu wa kujua kurudi nyuma. "Kijana alinipigia simu tangu Jumanne. Alinikatalia kwa adabu sana. Kasema atakwenda chuo."

Radhia aliuliza kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Na leo kwa nini amecheza?"

"Hilo mimi pia nilimwuliza. Akasema mama yake hajapata kumwona."

Njiani kurudi walisimama Izki, kwenye hoteli ya Mhindi mmoja wa Malabari, kwa chai. Khelef, ambaye hakuwa ameambiwa kitu lakini alikuwa na macho, alisema ataishughulikia chai mwenyewe na wala wasishuke. Aliondoka polepole mno kwa mtu mwenye kiu. Nadhir alikuwa ameegemea mlango, taulo shingoni.

"Ulipokosa lile goli," alisema Radhia, akitazama mbele, "uliumia?"

"Niliumia, mama."

"Nadhir."

Alijipangusa shingo kwa ncha ya taulo. Kisha akasema, "Nilifikiria chai."

Radhia hakucheka. "Marzouq kanambia."

Gari la mizigo lilipita, taa zake zikawapitia nyusoni. Nadhir alilivuta taulo akalifumbata mikononi. Alianza kusema, akaacha, akaanza tena. Alisema anakumbuka mwaka uliopita, alipofuatana na baba yake hadi Dima wa Tayyin, vijiji vya juu kule, kukagua falaji iliyokauka. Wakamteremsha ndani ya shimo kwa kamba kwa sababu alikuwa na mikono mirefu. Kulikuwa na giza, na mbali sana, chini ya mwamba, akasikia maji yanakwenda. Maji yalikuwepo. Yalikuwa yamepotea njia tu.

"Niliposikia vile nilisahau kuogopa, mama. Nilisahau na kamba. Baba aliniita, sikumsikia. Nataka kujua yanakwenda wapi." Akajifuta uso. "Kwenye mpira sijapata kusahau kitu. Naupenda, wallahi naupenda. Lakini nikiwa kiwanjani nakumbuka kila kitu. Nakumbuka njaa. Nakumbuka wewe uko wapi."

Radhia alikuwa akiujua usahaulifu huo. Aliujua kwa jina na kwa harufu, vumbi la kiwanja na jasho na sauti ya kocha inayotoka mbali kama ya mtu mwingine. Hakuwa amejua kwamba mwanawe anaweza kuupata ndani ya shimo, kwenye giza, bila ya yeye.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nilikuwa natafuta siku. Kila alasiri ukitoka uani unang'aa. Nikasema, leo sitasema, nitasema kesho. Nikikwambia naacha, nani atacheza na wewe?"

"Kwani mimi nilikuzaa nipate mtu wa kunirudishia mpira?"

Nadhir alifikiri, kwa uaminifu wake wote. "Kidogo," alisema.

Hapo Radhia alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakujua kwamba kicheko kimekwisha. Alimpiga mwanawe begani, akampiga tena, kisha akauacha mkono wake pale begani. Khelef aliporudi na bilauri tatu kwenye sinia aliwakuta hivyo, akasimama nje ya mlango chai ikimwagika, asijue aingie au arudi kuongeza sukari.

"Ingia bwana," alisema Radhia. "Mwanao anakwenda kusoma maji."

Khelef aliingia. Alimpa kila mtu bilauri yake. Hakutamba na wala hakumshukuru Mungu kwa sauti, ingawa Radhia aliiona midomo yake ikicheza. "Na wewe?" alimwuliza tu.

"Mimi nakunywa chai."

Haikuwa rahisi kama alivyoisema. Siku mbili tatu Radhia alijishughulisha na mambo ya jikoni ilipofika alasiri, akasema joto limezidi. Kulikuwa na kitu anakizika, na hakutaka msaada. Siku ya nne alisikia mpira ukidunda uani taratibu, bila ya haraka, kama mtu anayebisha hodi na hana shaka kwamba mwenyeji yumo. Akatoka. Hakumfundisha kitu siku hiyo. Walicheza tu, na Nadhir akamfunga mara nyingi kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa mzuri tangu mwanzo, na Wadha akaita kutoka upande wake kwamba alhamdulillahi, mgonjwa amepona.

Mwezi wa Septemba walimpeleka Al-Khoud. Majengo yalikuwa meupe, mapya, bado yananuka rangi, na vijana kutoka kila pembe ya nchi walikuwa wanazunguka na masanduku yao wakijifanya hawakupotea. Nadhir aliwapa mkono wazee wake, akaubusu mkono wa baba, akakibusu kichwa cha mama, akalazimika kuinama sana kukifikia. Alipofika penye ngazi alisimamishwa na kijana mmoja mfupi aliyekuwa akiuliza njia. Nadhir hakuijua njia hiyo, lakini waliingia pamoja.

Gari lilikuwa kubwa mno kwa watu wawili. Walipita Fanja, wakaingia njia ya Sharqiya, milima ikawakaribia pande zote mbili, myekundu kwa jua la alasiri. Khelef alisema jambo kuhusu tairi. Radhia akaitikia. Baadaye Khelef alisema tena jambo lilelile kuhusu tairi, na wote wawili wakalisikia.

"Nani anatungoja nyumbani?" aliuliza Radhia.

"Leo?" Khelef alifikiri. "Hakuna."

"Na kesho Ijumaa."

"Kesho Ijumaa."

Alikuwa amelitoa buibui kichwani, dirisha wazi, upepo wa moto unampiga usoni. Mitende ya Ibra ilikuwa imeanza kuonekana mbele, mstari wa kijani chini ya vilima vyeusi. Khelef alipunguza mwendo, akatia mkono kwenye taa ya kukatia kona.

"Pita," alisema Radhia.

"Nipite nini?"

"Nyumba. Pita tu. Twende mpaka Sur."

"Sur kuna nini?"

"Sijui. Sijapata kwenda Sur bila ya kumpeleka mtu kucheza."

Khelef alimtazama, akaitazama barabara, akamtazama tena. Hawakuwa na nguo za kubadilisha, na wala hakuwa amemwuliza mtu yeyote kama pana mahali pa kulala. Taa ya kukatia kona ilikuwa ikibisha, tiki, tiki, tiki. Aliizima. Kona ya kwao ikaja, na duka la pembeni, na mtu aliyewajua akainua mkono kuwasalimu, akabaki ameuinua, kwa sababu gari halikusimama.